Runinga katika nyumba mpya Mombasa: antena, dishi au intaneti, na mabomba yanayolazwa kabla ya zege

Siku ya kuamua runinga itaingia vipi nyumbani si siku unayotoka dukani na skrini ya inchi 55. Ni siku fundi wa stima anapofunga mabomba juu ya nondo za slabu, zege likiwa bado halijamwagwa. Ukiiacha siku hiyo ipite bila uamuzi, kila waya utatambaa nje ya ukuta na kuingia kwa tundu la kona ya dirisha, na masika ya kwanza maji yataufuata hadi nyuma ya runinga.

Njia zilizopo

Ya kwanza ni antena. Kenya ilizima mawimbi ya analogi mwaka 2015, na tangu hapo matangazo ya ardhini ni ya dijitali, mfumo wa DVB-T2. KBC, Citizen, NTV na KTN huja kwa njia hii bila malipo ya mwezi. Unahitaji antena ya UHF na runinga iliyo na DVB-T2 ndani yake, au king'amuzi cha pembeni kisicho na malipo. Soma maandishi ya kwenye boksi kabla hujatoa pesa: runinga iliyoandikwa DVB-T peke yake, bila ile 2, haitapata kitu, na iliyotengenezewa soko la Marekani hutumia mfumo mwingine kabisa. GOtv hupita hewa hiyo hiyo ya antena, ila chaneli zake zimefungwa na hulipiwa kila mwezi.

Ya pili ni dishi. DStv hutoka kwa setilaiti iliyo nyuzi 36 mashariki, Azam TV kwa iliyo nyuzi 7 mashariki. Namba hizo mbili zitaamua dishi lisimame wapi kwenye kiwanja chako, na tutazirudia.

Ya tatu ni intaneti, na kwa nyumba maana yake hasa ni faiba. Netflix wenyewe hupendekeza Mbps 5 kwa picha ya HD kamili na Mbps 15 kwa 4K. Saa moja ya HD inaweza kula hadi GB 3, ya 4K hadi GB 7. Laini isiyo na kikomo ya Mbps 20 hutosha runinga mbili za HD na simu za watu wa nyumbani. Bando la simu halifai kwa kazi hii: filamu mbili tu zimemaliza GB 12.

Ushauri wetu ni huu. Antena iwe katika kila nyumba, hata ya mwenye faiba, kwa sababu unailipia mara moja na inaendelea kufanya kazi siku laini imekatwa. Dishi liongezwe ikiwa kuna anayefuata mpira au chaneli maalumu, au ikiwa nguzo za faiba hazijafika mtaani. Lakini mabomba ya njia zote tatu yalazwe sasa, hata ile usiyoitaka. Kampuni hubadilika, vifurushi hubadilika, wapangaji hubadilika. Bomba lililo ndani ya slabu halirudiwi.

Hatua ya 1: Kizungukie kiwanja

Panda juu ya jengo, au ngazi ndefu ikiwa kuta hazijafika juu, uangalie antena za majirani. Zote zikielekea upande mmoja, huko ndiko mtambo uliko. Angalia pia fito zake zimelala au zimesimama, nawe ufanye vivyo hivyo. Ukizikosea unapoteza sehemu kubwa ya mawimbi na hutajua kwa nini.

Kisha fanya jaribio ambalo wengi huliruka. Funga antena kwenye mti wa mita 3, ichomeke kwenye runinga ndogo, tafuta chaneli, uandike ubora wa kila moja. Rudia ukiwa mita chache kulia na kushoto. Maeneo ya maghorofa kama Nyali na Bamburi, kusogea mita 2 kunaweza kuleta kundi zima la chaneli au kulipoteza, maana mawimbi hugonga kuta na kurudi yakiwa yamechelewa. Mahali palipofaulu pawekee alama ya rangi.

Kwa dishi, kinachotakiwa ni anga wazi, na hapa Mombasa ina jambo lake. Mji uko nyuzi 4 kusini mwa ikweta na karibu nyuzi 40 mashariki, kwa hivyo setilaiti ya nyuzi 36 iko karibu na utosi: mwinuko wake, yaani pembe kutoka usawa wa ardhi, ni nyuzi 83 hadi 84. Ghorofa la jirani lililopita dishi lako kwa mita 10 halikuzibii, hata likiwa umbali wa mita moja na nusu. Adui wako ni kilicho juu ya kichwa: kuti la mnazi, tawi la mwembe, tangi la maji kwenye mnara. Mnazi mchanga usiofika dirishani leo utakuwa juu ya paa baada ya miaka kadhaa, kwa hivyo hesabu na huo.

Setilaiti ya nyuzi 7 ni habari nyingine. Hiyo iko magharibi, mwinuko wa nyuzi 52 hivi. Jengo la upande wa magharibi lililopita dishi lako kwa mita 10 lazima liwe mbali angalau mita 8. Kama jirani wa upande huo bado hajajenga, muulize anakusudia ghorofa ngapi.

Hatua ya 2: Mchoro na hesabu ya nyaya

Chagua mahali pamoja ndani ya nyumba pa kukutanisha kila waya: chini ya ngazi, ndani ya kabati la korido, popote pakavu penye hewa. Pasiwe jikoni wala ukuta wa bafu. Hapo weka kisanduku cha ukutani na soketi mbili za stima. Ruta na kigawanyi, kinachogawa waya mmoja wa antena kwa runinga kadhaa, vitakaa hapo.

Kutoka hapo, kila sehemu ya runinga ipate bomba lake la PVC la milimita 25, la kubeba nyaya mbili za RG6 (waya wa duara wa antena na dishi) na mmoja wa Cat6 (waya wa intaneti). Milimita 20 ni bei rahisi na nyaya tatu huingia kwa shida, lakini ukitaka kubadilisha mmoja baada ya miaka mitano utavuta zote. Kutoka paani hadi kisandukuni lete mabomba mawili ya milimita 25, moja la dishi na moja la antena. Bomba la mwisho litoke kisandukuni hadi ukuta wa nje upande wa barabara, juu ya lango kama nguzo ziko huko. Hilo ni la faiba. Nyumba nyingi mpya hazina bomba hili, ndipo fundi wa faiba anapotoboa ukuta uliopakwa rangi wiki iliyopita.

Tuchukue nyumba yenye runinga tatu zilizo mita 12, 15 na 9 kutoka kisandukuni, na mita 10 kutoka paani hadi kisandukuni. Nyaya mbili kwa kila runinga ni mita 72. Nne za dishi na mmoja wa antena ni mita 50. Jumla 122, ongeza za kupoteza, nunua 140. Konekta za F, vile vichwa vya kwenye ncha za waya, ni 22. Chukua 30 za kubana kwa koleo, si zile za kuzungusha kwa mkono, ambazo hulegea na kuingiza chumvi.

Waya uwe RG6 wa omu 75, wenye moyo wa shaba tupu. Mwingi wa bei nafuu una moyo wa chuma uliopakwa shaba: kata ncha, kwangua kwa kisu, na ukiona weupe au sumaku ikikamata, huo ni chuma. Kwa antena utafanya kazi. Kwa dishi la mbali, stima ndogo inayopanda kwenda LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) hupungua njiani, na mwanya wowote wa maji huanza kutu mara moja.

Hatua ya 3: Kabla ya zege na kabla ya plasta

Mabomba yalale juu ya nondo za chini, yafungwe kwa waya wa kufungia kila nusu mita. Viungio vipakwe gundi ya PVC. Kiungio kilichochomekwa kikavu hufunguka mashine ya kutetemesha zege inapopita, na uji wa simiti ukiingia humo bomba limekufa. Tumia kona ndefu za mviringo na zisizidi mbili kati ya kisanduku na kisanduku. Pitisha kamba ya nailoni ndani ya kila bomba, ziba ncha kwa tepu, kisha ivute kamba kabla zege halijamwagwa na uivute tena asubuhi yake. Kamba iliyokwama asubuhi ile bado inakupa nafasi ya kutafuta njia ya ukutani kabla ya plasta.

Mabomba ya runinga yasiandamane na ya stima. Sentimita 20 kati yao inatosha, na zikikutana zikatane kama msalaba.

Kwenye kuta, chimba mifereji ya kusimama na si ya kulala. Tofali la inchi 6 lina milimita 150: mfereji wa kusimama usizidi theluthi, yaani milimita 50, na wa kulala usizidi sehemu moja ya sita, milimita 25, ambayo haitoshi hata bomba lenyewe na plasta yake. Mawe ya matumbawe yanameguka kuliko tofali la simiti, kwa hivyo fundi akate kingo mbili kwa mashine kwanza, ndipo atumie patasi.

Soketi za runinga zijifiche nyuma ya skrini, mita 1.1 hivi kutoka sakafuni, pamoja na soketi ya stima. Skrini ya inchi 55 ina upana wa sentimita 122 na kimo cha 69. Ichore ukutani kwa chaki, keti kwenye kiti, utazame kabla hujatoboa.

Paani, bomba litokeze sentimita 30 juu ya slabu, na ncha yake igeuke kutazama chini kama shingo ya bata. Watu wa kuzuia maji wakija kupaka lami, wataizunguka vizuri. Piga picha za kila bomba ukiwa umetandaza futi ya kupimia kando yake.

Hatua ya 4: Antena

Mlingoti uwe bomba la chuma lililochovywa zinki, inchi moja na nusu, urefu wa mita 3. Bomba jeusi lililopakwa rangi halidumu karibu na bahari. Kutu huanzia ndani, usipoiona. Lishikwe na vishikio viwili vilivyoachana angalau nusu mita, na bolti za chuma kisichoshika kutu za daraja la 316. Likizidi mita 3 lipate kamba tatu za waya, kwa sababu kusi husukuma upande mmoja miezi na miezi, na antena iliyogeuka kidogo haikwambii. Picha tu inaanza kugawanyika visanduku usiku mmoja.

Elekeza ulikoona, kisha zungusha nyuzi 10 kwa wakati mmoja, ungoje sekunde tano kila mara. Angalia ubora, si nguvu. Nguvu inaweza kusoma 90 na ubora 20, maana yake kuna mawimbi mengi lakini yamechafuka.

Busta, kifaa cha kukuza mawimbi, si dawa ya kila kitu. Inafaa ikiwa waya ni mrefu au unagawanywa runinga nyingi: kigawanyi cha njia nne kinameza desibeli 7 hadi 8, na mita 25 za RG6 zinameza 4. Ikihitajika, ikae juu mlingotini, mawimbi yakiwa bado safi. Ukiiweka nyuma ya runinga inakuza uchafu pamoja na picha. Na kama mnara wa simu uko karibu, nunua busta yenye kichujio kinachokata kuanzia MHz 694: runinga inatumia chini ya hapo, 4G ya MHz 700 na 800 iko juu, na busta isiyo na kichujio hulewa na 4G hadi chaneli zinapotea zote. Mwenye kipimo cha fundi alenge desibeli 45 hadi 70 za mikrovolti kwenye soketi ya ukutani. Zikizidi, toa busta.

Hatua ya 5: Dishi

Lisimame kwenye slabu kwa mguu mfupi uliofungwa bolti nne za kupanuka ndani ya zege, si kwenye mabati, ambayo hucheza kwa upepo. Kabla ya kununua, hakikisha kishikio kinafika mwinuko wa nyuzi 84, maana madishi mengine hukwama kabla ya hapo. Kwa mvua za pwani chukua la sentimita 90 badala ya 80.

Mguu usimame wima kweli. Weka pimamaji pande mbili zilizo kona mraba. Dishi la sentimita 90 linaona nyuzi 2 tu za anga, na mguu ulioinama nyuzi 2 umeshakula zote.

Kwa setilaiti ya nyuzi 36, elekeza kaskazini-magharibi, dira ikisoma 318, mwinuko 83.5. Hapa ndipo mafundi waliozoea miji iliyo mbali na ikweta huhangaika. Dishi likitazama karibu juu kabisa, kulizungusha nyuzi 10 kulia au kushoto kunasogeza mtazamo wake angani nyuzi 1 tu. Kosa la nusu nyuzi ya mwinuko ndilo linalouma. Basi panga mwinuko kwanza, fagia kulia na kushoto kwa upana, ongeza mwinuko nusu nyuzi, ufagie tena. Kwa setilaiti ya nyuzi 7, dira 276, mwinuko 52, na huko zungusha nyuzi 2 kwa wakati mmoja, taratibu. Simu yenye dira iwe mbali na mabati na nondo zilizochomoza, maana huidanganya.

Ukishapata picha, legeza LNB uizungushe yenyewe ndani ya kishikio chake hadi ubora upande. Karibu na ikweta huzunguka sana kuliko inavyoonyeshwa kwenye karatasi ya maelekezo, kwa hivyo usiogope kuiona imelala.

Dishi la kawaida, LNB ikiwa chini ya katikati, hapa hulala hadi uso wake unaachana na usawa wa ardhi kwa nyuzi kama 30. Maji bado hutiririka, ila majani na kinyesi cha ndege hukaa. Lifutwe kila baada ya miezi michache. Dishi la duara lenye LNB katikati litakuwa bakuli: toboa tundu la milimita 6 mahali pa chini kabisa na upake rangi kingo zake.

Kila king'amuzi kipate waya wake kutoka LNB yenye matundu mawili au manne. Kigawanyi cha antena hakifai kwa dishi. King'amuzi huchagua chaneli kwa kutuma volti 13 au 18 juu ya waya, na viwili vikichangia waya mmoja kila kimoja kinamharibia mwenzake. Dalili yake ni nusu ya chaneli kupotea chumbani mara sebuleni wanapobadilisha.

Konekta za nje zivingirishwe tepu ya mpira inayojigandisha, kuanzia chini kwenda juu kama vigae, na waya uning'inie chini kidogo kabla ya kuingia bombani ili matone yadondoke hapo.

Hatua ya 6: Ardhi na radi

Mlingoti na mguu wa dishi viunganishwe na ardhi ya nyumba kwa waya wa shaba wa milimita 16 za mraba. Kazi hii aifanye fundi wa stima mwenye leseni. Fimbo ya ardhi ya peke yake isiyounganishwa na ile ya nyumba ni hatari, kwa sababu radi ikipiga, ardhi mbili huwa na volti tofauti na tofauti hiyo hupita ndani ya king'amuzi. Hata hivyo, ngurumo ikikaribia chomoa stima na waya wa antena vyote viwili.

Hatua ya 7: Intaneti

Runinga isiyohama ipewe waya wa Cat6 moja kwa moja kutoka ruta. Kuta nene za matumbawe na slabu hunyonya Wi-Fi, hasa ile ya kasi ya GHz 5, na runinga ya ghorofani ndiyo ya kwanza kuzungukazunguka. Ruta na kisanduku cha faiba vipate betri ndogo ya akiba ya volti 12, uhakikishe volti na plagi vinalingana na vilivyoandikwa kwenye adapta.

Picha ikikatika

Ikikatika kwa mvua kubwa na kurudi yenyewe, ni kawaida ya dishi. Ikikatika kwa manyunyu, dishi halikupangwa vizuri au konekta ina maji. Ifungue: ukiona unga wa kijani au mweupe, kata sentimita 20 za waya na uweke mpya, usiikwangue.

Ikikatika dakika chache kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana, siku kadhaa mfululizo mwezi wa Machi au Septemba, na unatazama setilaiti ya nyuzi 36, usimwite fundi. Jua linapita nyuma ya setilaiti na litaondoka lenyewe.

Ikikatika usiku taa fulani zinapowashwa, zima moja moja. Adapta duni za taa za LED huchafua hewa ya antena. Chaneli za kundi moja zikipotea na nyingine zikabaki, tafuta upya kabla ya kupanda paani, kwa kuwa masafa huenda yamebadilishwa. Runinga moja ikikosa na nyingine zikipata, badilishana nyaya zao kisandukuni: tatizo likihama na waya, ni runinga au waya wa chumbani, likibaki kwenye tundu lile lile, ni kigawanyi. Ndiyo sababu kila ncha kisandukuni iandikwe jina la chumba kwa kalamu isiyofutika, siku ile ile inapofungwa konekta.